Mazoezi ya ubongo na akili ni mambo mawili

Katika mkutano wa wazazi wa shule moja ya hapa Kisauni, muuzaji wa programu za tableti alituambia, kwa mara ya nne au ya tano ndani ya nusu saa, kwamba mazoezi ya ubongo yatawaongezea watoto wetu akili. Wengi tuliitikia kwa vichwa.

Kwa ufupi, mazoezi ya ubongo ni michezo ya kompyuta au ya simu inayomtaka mtu akumbuke, alinganishe au atambue vitu upesi, tena na tena, huku ugumu ukipanda kadiri anavyofaulu.

Linalonikera limo ndani ya neno lenyewe. Zoezi linatokana na kuzoea, ambako wengi wetu wa Mombasa twakutamka kuzowea, kupitia kuzoeza. Na kitenzi hiki hakikamiliki bila ya kitu kinachozoewa. Mtu huzoea joto la Kaskazi, huzoea ngazi za nyumba yake hata akazipanda gizani, wala ngazi hizo hazimfundishi kupanda mnazi. Akili ni neno jingine kabisa, lililotufikia kutoka Kiarabu, na mzizi wake ndio uliozaa pia jina la kamba ya kumfungia ngamia. Ndiyo maana wazee wakisema kijana hana akili, mara nyingi wanakusudia kwamba hajizuii, si kwamba ni mzito wa kukumbuka picha.

Wanasaikolojia waliipima tofauti hii zamani. Mwaka 1901 Edward Thorndike na Robert Woodworth waliwazoeza watu kukadiria eneo la mistatili, wakaona kwamba ustadi huo haukuhamia vyema kwenye maumbo mengine. Mwaka 2010 Adrian Owen na wenzake walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya watu 11,430 waliocheza michezo ya aina hii kwa wiki 6: walipanda katika michezo yenyewe, lakini si katika majaribio mengine, hata yaliyokaribiana nayo. Mwaka 2016 Lumosity, kampuni ya michezo ya aina hii, ilikubali kulipa dola milioni 2 baada ya tume ya biashara ya Marekani kuishtaki kwamba matangazo yake yaliwahadaa wateja.

Faida ipo, nayo yafuata njia ya neno. Katika utafiti wa wazee 2,832 nchini Marekani, waliozoezwa kutambua vitu kwa kasi walikuwa bado wanawazidi wenzao katika kasi hiyohiyo baada ya miaka 10, na hilo si dogo kwa mtu mzima.

Kuna pia vifaa vya kuvaa kichwani vinavyopitisha umeme hafifu, ambavyo navyo huitwa mazoezi. Hapa neno limepotea kabisa, kwa kuwa mvaaji hazoei chochote. Umeme ndio unaotenda, nao umewahi kuwaunguza watu ngozi pale kifaa kinapoigusa, sembuse mtoto ambaye ubongo wake ungali unakua.

Bwana yule wa tableti, basi, hakukosea aliposema mazoezi. Lau angeongeza tu ni mazoezi ya nini, akatwambia kwamba mtoto atauzoea mchezo wa kulinganisha picha na kuucheza upesi zaidi, tungemwelewa, na pengine tungemuuliza bei.