Mstari mmoja unaoangusha kielelezo

Ukifungua hukumu za rufani za jinai za Mahakama ya Rufani ya Tanzania, hutakawia kukutana na maneno haya: kielelezo kinaondolewa kwenye kumbukumbu kwa kuwa hakikusomwa baada ya kupokelewa. Hati ipo, saini zipo, mhuri upo, na bado inatupwa. Wengi huona huo ni ukorofi wa wanasheria. Mimi sioni hivyo.

Utaratibu wenyewe ulikaziwa katika shauri la Robinson Mwanjisi na wenzake watatu dhidi ya Jamhuri, lililoripotiwa mwaka 2003: waraka kwanza uandaliwe njia, kisha upokelewe, ndipo usomwe.

Kuuandalia njia ndiko kwenye kazi. Chukua hati ya ukamataji mali. Askari aliyefanya upekuzi anaulizwa alikamata nini, nani alishuhudia, aliandika wapi, na hati hiyo akiiona ataitambuaje. Anataja mwandiko wake, saini, tarehe. Ndipo anapoonyeshwa. Akishaitambua, anaomba yeye mwenyewe: "Naomba mahakama iipokee hati hii kama kielelezo." Mwendesha mashtaka akiitoa yeye, amejigeuza shahidi asiyeapa wala kuhojiwa. Na si lazima anayetoa awe ndiye aliyeandika. Aliyewahi kuwa nayo mkononi, hata kwa muda mfupi, na anaijua, anatosha.

Hakimu humgeukia mshtakiwa: una pingamizi? Asiye na wakili mara nyingi hudhani anaulizwa kama anakubali kosa, kwa hiyo hakimu makini humfafanulia kwanza. Pingamizi lina wakati wake, nao ni huo. Mshtakiwa akidai kwamba maelezo ya onyo (yale aliyoandikisha polisi baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake) aliyatoa kwa kupigwa, kesi ya msingi husimama: Mahakama Kuu huendesha kesi ndani ya kesi, mahakama za chini hufanya uchunguzi mdogo, kisha uamuzi hutolewa kuhusu kupokea au kukataa. Ndiyo maana shahidi hakatizi foleni akaanza kusoma. Hati ikikataliwa baadaye, hakimu atakuwa ameshaisikia yote.

Sasa tazama mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu anayoiandika hakimu, unavyopaswa kuonekana:

Mshtakiwa: Sina pingamizi.
Mahakama: Hati ya ukamataji mali inapokelewa na kutiwa alama P1 (kielelezo cha kwanza cha upande wa mashtaka).
Shahidi: Naisoma P1. (Inasomwa kwa sauti.)

Mstari wa mwisho ndio unaokosekana. Pengine hati ilisomwa kweli, hakimu akasahau kuandika. Majaji wa rufani hawakuwapo, mkononi wana mwenendo tu. "Sina pingamizi" nayo haiponyi kitu, kwani mtu amekubali hati iingie, hajakubali kufichwa kilichomo. Shahidi anaweza kuwa ametaja simu 3 na hati ikasema 2. Asiyesomewa atalihojije hilo? Na kama hati ni ya Kiingereza naye hakijui, kuisoma bila kuifasiri ni kupiga kelele tu.

Hati ikishaondolewa, ushahidi wa mdomo hubaki. PF3, ile fomu ya polisi anayojaza daktari baada ya kumpima majeruhi, ikitupwa, mwathirika na daktari waliokwisha kutoa ushahidi bado wanaweza kuibeba kesi. Kwenye dawa za kulevya mambo ni magumu zaidi: ripoti ya Mkemia Mkuu wa Serikali ikiondolewa, na mkemia hakuitwa kutoa ushahidi, hakuna askari atakayethibitisha kwa macho kwamba unga ule ni heroini.

Panga au simu haisomwi; inatambuliwa na kupokelewa, basi. Lakini nyama ya nyumbu, kwenye kesi ya ujangili, haikai stoo ikingoja kesi. Polisi huijaza kwenye fomu ya orodha ya mali na kumwomba hakimu amri ya kuiteketeza. Hapo mshtakiwa lazima apelekwe mbele ya hakimu na aulizwe ana la kusema gani kabla ya amri kutolewa, na picha zipigwe. Asipokuwapo siku hiyo, fomu ile itakuja kuanguka kwenye rufani hata kama kizimbani ilisomwa neno kwa neno, na nyama yenyewe imeshakuwa majivu.