Acheni kumpulizia nyoka maji: dhana potofu na ukweli kuhusu unyevu wa kizimba

"Nampulizia maji asubuhi, mchana na jioni, daktari, lakini gamba bado linamtoka vipande vipande."

Maneno haya nimeyasikia mara nyingi mno. Siku hizi, kabla mwenye nyoka hajamaliza kueleza, naomba anionyeshe picha ya kizimba kwenye simu. Karibu kila mara naona kitu kilekile: tangi la kioo lenye mfuniko wa wavu, taa ya joto juu yake, matandazo membamba yasiyofikia hata vidole viwili, na pembeni chupa ya kupulizia. Ndani amejikunja Python regius, yule chatu mdogo wa Afrika Magharibi na Kati anayefugwa sana Marekani na Ulaya. Nikimgeuza mezani, magamba ya tumboni yameanza kuwa mekundu.

Kliniki yangu iko Minnesota. Majira ya baridi hita huwaka mchana na usiku, na unyevu wa hewa ndani ya nyumba unaweza kushuka hadi asilimia 20. Wateja wangu wengi ni familia zilizotoka Afrika Mashariki: mtoto ndiye aliyemtaka nyoka, mama au baba ndiye anayemleta kutibiwa. Wanampenda na wanajitahidi. Kinachoniudhi ni ushauri waliopewa dukani, kwamba dawa ya ukavu ni chupa ya kupulizia.

Chupa hupandisha namba tu. Ukishapuliza, kipimo cha unyevu kitaruka hadi asilimia 85 nawe utaridhika. Rudi baada ya saa moja utakuta kimeshuka mpaka ulipoanzia, kwa sababu taa inapasha hewa, hewa ya moto inapanda, inapita kwenye wavu na kuondoka na mvuke wote. Ni sawa na kuchemsha maji kwenye sufuria isiyo na kifuniko, halafu ukashangaa yanakauka.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Unyevu unaosomwa kwenye kipimo ni uwiano, na unategemea joto. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 40 ina takriban gramu 7 za maji katika kila mita ya ujazo. Ipashe moto hadi nyuzi 32 bila kuongeza wala kupunguza hata tone, na kipimo kitasoma kama asilimia 20. Kwa hiyo unapowasha taa unakausha kizimba, hata kama hakuna maji yaliyotoka. Mtu akiniambia kizimba chake kina asilimia 60, swali langu la kwanza ni: upande upi, na kwa joto gani?

Na yale maji uliyopuliza yameenda wapi? Yameangukia tabaka la juu la matandazo, pale pale tumbo la nyoka linapolala. Juu pakiwa pamelowa kila siku, bakteria wanastawi. Magamba ya tumbo huanza kwa wekundu, yanafuata malengelenge yenye majimaji, kisha vidonda. Ndiyo maana nampokea nyoka ambaye gamba lake limekauka mgongoni huku tumbo linaoza. Wenye nyoka hushangaa vyote viwili vinawezaje kutokea pamoja, lakini chupa huzaa vyote viwili: hewa kavu na sakafu iliyolowa.

Tazama anavyoishi kwao. Python regius ni wa savana, na savana ina kiangazi kirefu. Lakini mchana hakai juani. Anajificha kwenye mashimo ya panya na kwenye vichuguu, ambamo unyevu hutoka kwenye udongo na kubaki mle mle kwa kuwa hakuna upepo wa kuupeperusha. Hicho ndicho cha kuiga: unyevu utoke chini, halafu ukae.

Weka matandazo ya makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, au magome ya saipresi, yenye kina cha sentimita 8 hadi 10. Mimina maji polepole kwenye kona ili yateremke mpaka chini, huku tabaka la juu likibaki kavu. Chimba kwa vidole, chota konzi ya matandazo ya chini, uyakamue. Yashikamane bila kudondosha maji. Kisha laza kiganja juu ya matandazo. Ukikiinua kiwe kikavu. Nafundisha kipimo hiki cha mkono kabla ya chombo chochote, kwa sababu kinakuonyesha kile tumbo la nyoka linachokigusa.

Baadaye funika kama robo tatu ya wavu kwa karatasi ya foili, mbali na taa, uache nafasi ya hewa kupita. Ongeza maficho yenye unyevu: kisanduku cha plastiki kilichotobolewa mlango, ndani ukijaza mosi ya sfagnamu (mmea laini kama sifongo unaoshika maji) iliyolowekwa na kukamuliwa vizuri. Kwa nyoka huyu nalenga asilimia 60 hadi 80, upande wa joto nyuzi 31 hadi 33, na upande wa baridi 25 hadi 27. Ukishapanga hivyo, utamimina maji tena pale tabaka la chini litakapoanza kukauka, na wengi hawahitaji kufanya hivyo kila siku. Chupa ipelekeni kwenye maua. Mtu wa Mombasa, ambako hewa yenyewe ina unyevu mwingi, angekuwa na shida tofauti kabisa, ya kuzuia ukungu.

Vipimo vya mshale, vile vya kubandika kwenye kioo, sivitaki. Nunua cha dijitali chenye waya na kihisi, ukiweke usawa wa nyoka, si juu karibu na mfuniko. Ukikitilia shaka, weka chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, ilowanishe mpaka iwe kama uji mzito, kisha ifungie pamoja na kihisi ndani ya mfuko usiopitisha hewa kwa saa 12. Kinatakiwa kusoma karibu na asilimia 75.

Wapo wanaoogopa kuongeza unyevu kwa kuwa wameambiwa unaleta nimonia. Hatari iko kwenye unyevu ukichanganyika na baridi na hewa iliyotuama. Kizimba chenye joto sahihi na hewa inayopita hakina tatizo hilo. Ukavu nao hudhuru utando wa njia ya hewa. Nyoka hana kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu, cha kumwezesha kukohoa kama sisi, hivyo makamasi yakijaa yanakaa. Akipumua kwa mlomo wazi, akikoroma, au akitoa mapovu mdomoni, usikae kurekebisha kipimo. Mlete siku hiyo hiyo, kwani kwa chatu kuna pia virusi vinavyoshambulia mapafu.

Dhana nyingine ni hii: "Nyoka wa jangwani hahitaji unyevu." Anauhitaji, ila kwa kiasi chake. Eryx colubrinus, nyoka wa mchangani anayepatikana Kenya, Somalia na kaskazini mwa Tanzania, anaishi vizuri kwenye hewa ya asilimia 30 hadi 40, lakini hujifukia ardhini, na anapokaribia kujivua gamba anataka mahali penye unyevu pa kuingia. Mpe maficho yale yale ya mosi. Usimfungie kwenye asilimia 80 eti kwa sababu chatu wa jirani anastawi hivyo.

Nyoka akishinda ndani ya bakuli la maji, usiamue haraka kwamba anatafuta unyevu. Chunguza maji. Vidoti vyeusi vilivyozama ni utitiri. Kama havipo, pima upande wa joto. Huenda anakimbia moto. Na kumwogesha kila wiki hakumnyweshi, maana nyoka hunywa kwa mdomo. Choo ndicho kitakuambia kama maji yanamtosha: ile sehemu nyeupe, ambayo ndiyo mkojo wake, ikiwa ngumu na ya njano, amekaukiwa, na ukavu wa muda mrefu huishia kwenye figo.

Kuhusu gamba lililoganda, nawasihi: msilivute. Mwache apite ndani ya taulo lililolowekwa maji ya vuguvugu na kukamuliwa, mara kadhaa, alivue mwenyewe. Hakikisha ncha ya mkia imetoka, kwa sababu pete za gamba zikibaki pale hukaza na kuzuia damu. Kisha chukua gamba lililovuliwa ulitazame kichwani. Panatakiwa kuwa na vifuniko viwili vya macho, vya mviringo na angavu. Kikikosekana kimoja, rekebisha unyevu usubiri gamba lijalo. Nacho kikibaki tena, njooni kliniki. Kibano na utepe wa gundi mviache nyumbani, kwani chini ya kifuniko cha zamani kuna kipya, na anayekibandua kwa nguvu anaweza kuondoka na vyote viwili.