Paka Mkubwa Akihamia Kwako, Mpe Chumba Kimoja Kwanza

Simu za paka wapya hunijia siku ya pili au ya tatu, na maneno ni yale yale: "Daktari, tangu tumlete yuko uvunguni mwa kitanda. Hatoki, hali, nadhani hatutaki." Mara nyingi anayepiga amemchukua paka wa jirani aliyehama, au wa bibi aliyefariki, au yule aliyekuwa akizungukazunguka gengeni mpaka mtu akamwonea huruma. Watoto wamefurahi, maziwa yamewekwa kwenye kisahani, na paka anaangalia yote hayo kutoka gizani.

Mimi ni daktari wa mifugo hapa Mombasa. Masomoni tulikazaniwa ng'ombe na mbuzi, lakini mjini mezani kwangu paka ndio wengi. Na kwa paka mkubwa aliyehamia nyumba mpya, jambo ninalolirudia kuliko yote ni hili: aliye uvunguni hana kasoro. Kinachomtesa kwa kawaida ni ukubwa wa nyumba aliyofunguliwa.

Mbwa ukihama naye, kwake nyumbani ni pale ulipo wewe. Paka hushika mahali. Ana tezi mashavuni, kidevuni na katikati ya vidole, zinazotoa harufu ambayo pua zetu haziipati. Kila anapojisugua kwenye kona ya kabati au kuparura mkeka anaweka alama yake, na alama zikishakuwa nyingi ndipo anaposhusha mabega na kulala kiubavu. Nyumba ya vyumba vitatu na sebule isiyo na hata alama yake moja ni sawa na mji mgeni usiku, umeshushwa stendi na simu imezima chaji. Kwa kitoto cha paka mambo ni mepesi, hasa akizoeshwa watu kati ya wiki ya pili na ya saba ya umri wake, wakati anapojifunza nani wa kuogopwa na nani si wa kuogopwa. Paka mkubwa alishajifunza zamani. Kwa hiyo kabla hujamchukua, uliza: aliishi ndani au nje? Alilelewa na watoto? Alikula nini? Alikuwa akijisaidia kwenye mchanga au alitoka uani?

Chagua chumba kidogo kuliko vyote, chenye mlango unaofungika na pilikapilika chache. Stoo yenye dirisha inatosha. Weka maji, chakula kona moja, beseni la mchanga la kujisaidia kona ya mbali na chakula (paka hapendi kula karibu na choo, na wewe hupendi), na boksi la katoni lililolazwa ubavu. Hilo boksi usilidharau. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, waliwafuatilia paka 19 waliopokelewa kwenye kituo cha wanyama. Baadhi walipewa boksi la kujifichia na wengine hawakupewa. Waliopewa walitulia mapema zaidi, tofauti ikaonekana wazi ndani ya siku chache za kwanza. Kujificha ndiyo njia yake ya kukusoma: anasikiliza nyayo, anajua saa ya adhana, anajifunza ni nani anayefunga mlango kwa kishindo. Ukimvuta kwa mguu ili "azoee", umemfundisha kwamba hata mafichoni si salama, na hesabu inaanza upya.

Huku Pwani nikisema "mfungie chumbani", lazima mtu anikumbushe hadithi ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Naikumbuka vizuri. Inasema alimfunga, hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutia wadudu wa ardhini. Mimi si sheikh, lakini paka aliyefungiwa na sahani imejaa, maji safi na mtu wa kumkalia jioni sioni vipi anaingia humo. Ni siku chache, halafu mlango unafunguliwa.

Mlete ndani ya kitu kigumu chenye tundu za hewa. Gunia nyuma ya bodaboda ni mateso, na nimeshashona majeraha ya paka walioruka kwenye tuktuk njiani. Kama huna kizimba cha kubebea, kreti mbili za plastiki zilizofunikana na kufungwa kamba zinafaa. Ndani tandika kanga au fulana kutoka alikotoka, na usiifue. Itanuka, ndiyo, lakini ndicho kitu pekee chumbani humo anachokifahamu.

Na hapo ndipo nyumba zetu zinapompa paka taabu bila mtu kukusudia. Tunapenda nyumba inukie. Jioni udi, asubuhi deki la dawa, mchana marashi. Siku za mwanzo, kile chumba chake kiepushe na yote hayo, kwa sababu kila alama aliyoweka inafunikwa naye anaanza tena. Dawa za usafi za jamii ya fenoli, Dettol ikiwemo, zina ubaya zaidi: ini la paka haliwezi kuzivunja kama letu, na akikanyaga sakafu mbichi kisha akajilamba miguu anaweza kudhurika. Tumia sabuni ya kawaida na usuuze vizuri.

Ini hilo hilo ndilo linalofanya nikuonye kuhusu dawa. Usimpe Panadol, hata kipande. Nusu ya kidonge cha mtu mzima inaweza kumuua, maana damu yake inashindwa kubeba oksijeni. Na dawa ya viroboto iliyoandikwa ni ya mbwa isimguse kabisa. Nyingi zina pamethrini, ambayo humtetemesha paka hadi degedege. Paka wa mtaani aliyejaa viroboto anatia kishawishi cha kumnyunyizia kilichopo kabatini. Subiri daktari.

Sasa chakula. Usiku wa kwanza asipokula usihangaike. Wengi hula saa tisa za usiku, nyumba ikishalala, kwa hiyo angalia sahani asubuhi. Siku nzima ikipita hajagusa kitu, nipigie simu mimi au daktari aliye karibu nawe. Siku mbili zikipita, mlete, hasa akiwa mnene. Paka mnene akishinda na njaa, mwili huyeyusha mafuta na kuyarundika kwenye ini mpaka linashindwa kazi. Ukiona ufizi au ndani ya masikio pamekuwa manjano, umechelewa lakini bado njoo.

Ili kumtia hamu, mpe kile kile alichokula kwao, hata kama ni dagaa wa kuchemsha na wewe umemnunulia chakula cha duka. Mabadiliko yaje baadaye, kwa kuchanganya kidogo kidogo kwa wiki moja hivi. Samaki vuguvugu hunukia zaidi kuliko wa baridi. Mchuzi uliobaki usimpe, kwa ajili ya vitunguu, ambavyo huharibu chembe nyekundu za damu yake. Maziwa pia yaache: paka wengi wakubwa hawawezi kuyameng'enya, na kuhara juu ya woga ni adha mbili.

Mchanga: beseni liwe pana na mchanga uwe laini. Aliyezoea kujisaidia nje, mchanganyie na udongo wa uani kwanza. Zoa kila siku. Kama kuna mjamzito nyumbani, kazi hiyo aifanye mtu mwingine. Vimelea vya toksoplasma, vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hutoka na kinyesi na huhitaji siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza, ndiyo maana kuzoa kila siku kuna faida kuliko kumfukuza paka. Dume akiingia na kutoka kwenye beseni, anajikamua na hakuna kinachotoka, hiyo ni dharura ya siku ile ile, hata kama ni Jumapili. Njia ya mkojo imeziba.

Wewe mwenyewe fanya nini? Ingia, keti chini, fanya shughuli zako. Soma gazeti, chambua mchele. Usimkodolee macho. Akikutazama, fumba macho taratibu na ufumbue. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walionyesha kwamba paka huelekea kumjibu mtu kwa kufumba vivyo hivyo, na humsogelea zaidi hata mgeni aliyewafanyia hivyo. Wateja wangu hucheka nikiwaonyesha, halafu wanajaribu.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini paka mkubwa hiyo siku ya tatu ndiyo kwanza anatoa pua nje. Mtazame yeye. Akila ukiwepo, akija na mkia wima, akisugua shavu kwenye fremu ya mlango, mfungulie chumba cha pili, na cha kwanza kibaki wazi akimbilie. Wapo wanaomaliza nyumba nzima kwa siku tano, wapo wa mwezi. Mkiwa na paka mwingine, wabadilishane matandiko kwanza na walishwe kila mmoja upande wake wa mlango uliofungwa. Kuwakutanisha uso kwa uso siku ya kwanza ni kutafuta vita. Na paka shume ambaye hajawahi kuguswa na mtu maishani, kwa maoni yangu, usimfungie kabisa. Mhasi, mchanje, mlishe uani, mwache na uhuru wake.

Wa ghorofani wakague madirisha. Chuma za dirisha hazimzuii paka, na wavu wa mbu huchanika kwa kucha. Weka wavu wa waya.

Kumtoa nje kusubiri walau wiki tatu au nne, na kabla ya hapo awe ameshachanjwa kichaa cha mbwa na amefungwa uzazi. Siku ya kwanza mfungulie kabla ya mlo, akiwa na njaa, uwe naye uani, kisha mwite kwa sauti ya sahani. Kama kwao kwa zamani ni mitaa miwili tu kutoka kwako, mzuie zaidi ya hapo, na waombe majirani wa kule wakimwona wakupigie simu na wasimpe chochote, hata mkia wa samaki.