Ekzosi ya Pikipiki Tanga: Yanayosemwa Kijiweni na Ukweli Wake

Ukiwaangalia vijana wanaobeba samaki kutoka soko la Deep Sea alfajiri, tazama chini ya tenga. Barafu inayeyuka njiani, maji yenye chumvi yanadondokea sailensa ya moto na kukauka pale pale. Maji yanaondoka, chumvi inabaki. Kesho inaongezeka nyingine juu yake. Hapo hujahesabu upepo wa bahari unaoingia Raskazone na Sahare usiku kucha. Kwa hiyo habari ya ekzosi kuoza ni habari kubwa mjini kwetu, na pesa nyingi za madereva zinapotea kwa sababu ya maneno yanayopokewa kijiweni bila kuulizwa.

Neno la kwanza, ambalo naona ndilo mzizi wa mengine, ni kwamba kutu inaanzia nje, hivyo ukifuta na kupaka kitu juu umemaliza. Chumvi inaanzia nje kweli. Lakini adui mwingine yuko ndani. Petroli ikiungua inatoa maji: kila lita moja inayochomwa inazalisha karibu lita moja ya maji, yakitoka kama mvuke. Pikipiki ikienda safari ndefu, sailensa inapata moto wa kutosha na mvuke wote unatoka nyuma. Ikiwa kazi yake ni kutoka Tangamano kwenda Makorora, kuzima, kusubiri abiria, kuwasha tena, sailensa haipati moto wa kukauka. Mvuke unageuka matone, unachanganyika na asidi kidogo inayotoka kwenye moshi, unakaa chini ya tumbo la sailensa na kula bati taratibu. Ndiyo maana ekzosi inaweza kung'aa nje na bado ikakatika mkononi mwa fundi.

Kuipima si kazi. Ikiwa imepoa, gonga sehemu ya chini kwa mpini wa bisibisi, kuanzia mbele kwenda nyuma. Bati zima linalia kwa sauti kali. Bati lililooza linatoa sauti butu, na wakati mwingine utasikia magamba ya kutu yakimwagika ndani kama mchanga. Ukisikia hivyo, usidanganywe na rangi.

Hapa linaingia kosa linaloniumiza zaidi. Sailensa nyingi zina tundu dogo upande wa chini, karibu na mwisho. Dereva anaona matone asubuhi, anakwenda gereji: "Fundi, nizibie hapa, inavuja." Fundi naye anapiga rodi ya kuchomelea, tundu linazibwa, mteja analipa na kuondoka ameridhika. Lile tundu limewekwa na kiwanda kwa makusudi, ili maji ninayoyasema yapate njia. Ukiliziba umeyafungia ndani. Tundu la kiwanda ni la duara, safi, kingo zake zimenyooka. Tundu la kutu lina kingo nyembamba zilizochongoka, na ukilibonyeza kwa msumari linapanuka. Fundi mzuri akilikuta la kiwanda limeziba kwa masizi analizibua kwa waya, kisha anakwambia uende nalo hivyo hivyo.

Tuje kwenye kuchomelea. Wengi wanaamini tundu likionekana unapiga rodi juu yake mpaka lijae. Bati la sailensa ni jembamba, mara nyingi milimita moja hivi au zaidi kidogo, na pembeni ya tundu limeshaliwa likawa jembamba zaidi. Rodi nene na moto mkubwa vinatoboa tundu la pili, fundi analikimbiza, linakuja la tatu, na mwisho una lundo la chuma lililoshika kwenye kutu. Kutu haishiki chuma. Baada ya wiki chache za mashimo ya barabarani, lundo lote linang'oka na kipande cha ekzosi.

Kazi inayodumu inaanza kwa kukata. Grenda inaondoa sehemu yote iliyooza mpaka ufike kwenye bati linalong'aa, hata kama tundu lililokuwa la ukubwa wa sarafu linakuwa la kiganja. Kisha unakatwa kiraka cha bati jeusi, lisilopakwa zinki, unene wa geji 16 au 18, kinakunjwa kufuata mviringo, kinashikizwa kwa nukta nne au tano kabla ya kuzungushiwa. Rodi iwe nyembamba, milimita 2 au 2.5, moto mdogo, na mapumziko kati ya mstari na mstari ili bati lisipinde. Kuunga kwa shaba na gesi nako ni kuzuri kwenye sailensa, kwa sababu hakuhitaji moto wa kuyeyusha bati lenyewe. Kwenye lile bomba linalotoka moja kwa moja kwenye injini, mimi napendelea chuma kwa chuma, maana huko joto ni kali mno kwa shaba.

Gundi za chuma za mirija miwili, zile za kuchanganya, watu wanazisifu sana. Nyingi zinaanza kulegea kwenye joto la nyuzi 150 hivi za selsiasi, wakati moshi unaotoka kwenye injini unapita nyuzi 500 bila shida. Kopo lililokatwa likazungushwa na kukazwa kwa klipu mbili linakufikisha nyumbani kutoka Pongwe. Hiyo ndiyo kazi yake, haipiti hapo.

Kuna wanaochomelea ekzosi ikiwa bado kwenye pikipiki, eti kuifungua ni kupoteza muda. Tangi la petroli liko hatua moja juu ya cheche. Na umeme wa mashine unatafuta njia ya kurudi. Ukipita kwenye nyaya unaweza kuua CDI, kile kisanduku kinachoongoza cheche za plagi, na bei yake inazidi ya kiraka mara kadhaa. Ekzosi inashikwa na nati mbili mbele na boliti moja au mbili nyuma. Ifunguliwe.

Sasa maziwa. Imani hii iko kwenye gereji karibu zote: mchomeleaji akinywa maziwa, sumu ya moshi inatoka. Si kweli, na nalisema kwa uzito kwa sababu wanaoumia ni vijana wanaojifunza kazi. Fundi akikosa bati jeusi anachukua kipande cha bati la kuezekea, ambalo limepakwa zinki. Zinki ikiungua inatoa moshi mweupe. Anayeuvuta, saa chache baadaye anapata homa, baridi, kikohozi na ladha ya chuma mdomoni. Kwa kawaida inaisha ndani ya siku moja au mbili, ndipo maziwa yanapopata sifa isiyo yao. Maziwa yanakwenda tumboni, moshi umekwenda kwenye mapafu. Kinga ni kutotumia bati la zinki, kufanyia kazi mahali pa wazi, kukaa upande ambao upepo unatokea, na kuvaa barakoa ya kazi hiyo. Kifua kikibana, ni hospitali.

Ekzosi iliyotolewa matumbo inaongeza nguvu? Inaongeza kelele. Injini hizi za cc 100 hadi 150 zimepangiwa kabureta na ekzosi kwa pamoja. Ukitoa vya ndani bila kugusa kabureta, unachopoteza zaidi ni nguvu ya mwendo mdogo, ile ile unayoihitaji ukiwa na abiria kwenye milima ya Amani. Na mtoto aliyelala Ngamiani usiku hana kosa lolote.

Valvu kuungua kwa sababu ekzosi imetoboka nyuma, hilo nalo halina msingi kwa pikipiki ya kabureta. Tafuta valvu zilizobanwa sana au mchanganyiko wenye petroli kidogo. Kama inapiga risasi ukiachia mafuta, angalia gasketi ya mbele, ile pete inayoziba kati ya injini na ekzosi, hewa inaingia hapo. Na moshi wa bluu ni oili inayoungua ndani ya injini, kwa hiyo sailensa mpya haitauponya. Moshi mweupe mwepesi wa asubuhi unaokwisha baada ya dakika chache ni yale yale maji.

Jambo moja linaguswa kidogo mno: kuwasha pikipiki ndani. Wengi wetu tunailaza ukumbini au kwenye korido kwa kuogopa wezi, na asubuhi inapashwa moto humo humo watoto wakiwa wamelala. Watu wanadhani moshi usionuka sana hauna madhara. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ekzosi nzima inaitoa, iliyotoboka inaitoa pia. Isukume nje kwanza.

Kiraka kikishapoa, kabla ya kulipa, mwambie fundi afunge ekzosi kwa gasketi mpya ya mbele. Ya zamani imeshabanwa, haitaziba tena. Nati mbili zikazwe kwa zamu, kidogo huku kidogo kule. Washa, ziba mdomo wa nyuma unaotoa moshi kwa kitambaa kinene kilicholowa kwa sekunde chache, usikilize: pakivuja patapiga mluzi. Rangi iwe ya kuhimili joto, ipakwe juu ya chuma kilichosuguliwa kwa brashi ya waya na msasa, tabaka jembamba mara mbili, kisha injini iwashwe dakika 10, ipoe, iwashwe tena kwa muda mrefu kidogo, ipoe. Oili chafu ambayo wengine wanapaka badala ya rangi inaungua siku hiyo hiyo na kukuachia moshi. Anayebeba samaki aweke karai au turubai chini ya tenga, na jioni amwagie sailensa iliyopoa maji baridi ya bomba. Siku mbili baadaye, zile nati za mbele zikazwe tena.