Makaratasi ya mbunge aliyekuwa wakili: yanayosemwa na yaliyo kweli

Dodoma, ambako Bunge hukutana na ambako wanasiasa kadhaa wamejenga na kustaafia, si ajabu kukuta nyumba yenye chumba kilichojaa majalada ya mzee aliyekuwa mbunge kwa vipindi vingi na wakili kabla ya hapo. Mzee akifariki, dhana za kila namna huanza kuzunguka.

Inayosikika zaidi ni kwamba makaratasi yote ni mali ya familia, sawa na shamba au ng'ombe. Ukweli ni kwamba sanduku moja laweza kuwa na nyaraka za wenyewe watatu. Ikiwa mzee aliwahi kuwa waziri, jalada lenye namba ya masijala ya wizara ni kumbukumbu ya umma chini ya Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002, hata kama limelala chini ya kitanda miaka ishirini, na linapaswa kurudi serikalini. Majalada ya wateja ni jambo zito zaidi: Sheria ya Ushahidi inamzuia wakili kufichua aliyoambiwa na mteja wake katika kazi hiyo bila idhini yake, na wajibu huo haukomi kazi inapokwisha. Kwa maoni yangu, mjukuu hawezi kurithi ruhusa ambayo babu yake hakuwa nayo. Hati za kiapo na maelezo ya mashauri ya watu yatengwe kabla ya mtu yeyote kuyasoma. Kinachobaki, yaani shajara, rasimu za hotuba na barua za binafsi, ndicho hasa cha familia.

Wengine huogopa kwamba nyaraka zikikabidhiwa zitafungiwa miaka 30. Kipindi hicho kimewekwa kwa kumbukumbu za umma; za binafsi hufuata masharti ambayo mtoaji amekubaliana na taasisi inayozipokea.

Wapo pia wanaouliza faida yake ni nini, ilhali kila alilolisema limo katika Taarifa Rasmi za Bunge, ambazo wengi huziita Hansard. Hapo ndipo mtafiti hupoteza utajiri mkubwa. Hansard huonyesha kilichotamkwa ukumbini. Haionyeshi jedwali la marekebisho ambalo mbunge alilikatakata kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni jina la aliyemshauri, wala barua ya wanakijiji wa jimboni waliolalamikia kisima, ambayo ndiyo iliyozaa swali lake bungeni. Kwa mbunge mwanasheria, mabishano yale ya pembeni mwa muswada huonyesha fikra zake kuliko hotuba iliyosafishwa.

Kosa linalofanywa kwa nia njema ni kuyapanga upya. Watoto huchambua kila karatasi kwa mwaka, hutupa bahasha, na kudhani wamemrahisishia kazi mtunza nyaraka. Kumbe mpangilio aliouacha mwenyewe ni ushahidi: barua iliyowekwa pamoja na rasimu ya muswada inaeleza uhusiano ambao tarehe pekee haiwezi kuueleza, na muhuri wa posta wa Mpwapwa juu ya bahasha huenda ndio pekee unaoonyesha barua ilitoka wapi. Cha kufanya ni kuyainua kutoka sakafuni ili mchwa wasiyafikie, kuyakinga na vumbi la kiangazi, na kuondoa taratibu pini zilizoota kutu na mipira ya kufungia iliyoyeyuka kwa joto ikagandia karatasi.

Kupiga picha za kidijitali kisha kuchoma nakala halisi hakufai hata kujadiliwa kwa urefu: diski huharibika, na picha haionyeshi kila alama ya penseli.

Mwisho kuna hakimiliki. Barua aliyopokea mzee ni mali yake kama karatasi, lakini maneno yaliyomo ni ya aliyeiandika, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inayalinda katika uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo familia yaweza kuikabidhi barua hiyo kwa taasisi ya nyaraka, lakini kuichapisha kitabuni kunahitaji kwanza kibali cha aliyeiandika au warithi wake.