Ukipigwa, nani anaamua kwamba umepigwa?

Jumapili tulikuwa na mitingi ya welfea yetu hapa Nyalenda, Kisumu, tukakaa masaa mawili juu ya neno moja. Katiba yetu inasema memba akifiwa na mzazi kila mtu anatoa elfu moja. Sasa mwenzetu amefiwa na mama yake mdogo, yule aliyemlea tangu akiwa na miaka mitatu. Huyo ni mzazi ama si mzazi? Sheria iko na sahihi zetu ziko, lakini hakuna mahali tuliandika nani anaamua. Mimi nikawa nawaza Armenia, manake kazi yangu ni kusomesha mikataba ya ulinzi ya zile nchi zilizotoka Sovieti, na kila mwaka wanafunzi wananiuliza kitu hicho hicho: kama mkataba unasema adui wa mmoja ni adui wa wote, mbona Armenia waliachwa walipopigwa na jirani yao Azerbaijan mwaka wa 2022?

Rudi kidogo. Desemba 1991 Muungano wa Sovieti umevunjika lakini jeshi lake bado liko, limetapakaa kila mahali, askari wako Tajikistan, wako Armenia, silaha za nyuklia ziko Ukraine, Belarus na Kazakhstan, na nchi changa nyingi hazina jeshi la maana la kwao. Ndio 15 Mei 1992 pale Tashkent nchi sita zikatia sahihi mkataba huo wa kulindana: Urusi, Armenia, Kazakhstan, Kyrgyzstan, Tajikistan na Uzbekistan. Mwaka wa 1993 wakaongezeka Azerbaijan, Georgia na Belarus. Hebu angalia hapo vizuri. Armenia na Azerbaijan walikuwa wanapigania Nagorno-Karabakh, eneo ambalo kila mmoja alisema ni lake, wakati huo huo, na wote wawili wakaingia kwa mkataba mmoja wa kulindana! Kwa maoni yangu mkataba ule haukuandikwa sana sana kwa ajili ya adui wa nje, ulikuwa njia ya kugawana urithi wa jeshi bila familia kuuana, na Moscow abaki mkubwa wa boma.

1999 ilipofika muda wa kurefusha, Azerbaijan, Georgia na Uzbekistan wakakataa. Waliobaki wakageuza mkataba kuwa shirika mwaka wa 2002, ndio hiyo CSTO, yaani Shirika la Mkataba wa Usalama wa Pamoja.

Sasa kifungu cha 4. Kinasema mmoja akishambuliwa ni kama wote wameshambuliwa, na wengine watampa msaada, hata wa kijeshi. Ni tamu kusoma. Lakini msaada hauendi wenyewe, lazima uombe, halafu baraza la viongozi wa nchi likae na likubaliane wote, kwa hivyo kiongozi mmoja tu akikataa umekwama.

Chukua mwaka mmoja tu, 2022. Januari watu wa Kazakhstan walitoka barabarani, ilianza na bei ya gesi ya magari huko Zhanaozen halafu ikasambaa nchi nzima, na tarehe 5 Rais Tokayev akaomba msaada. Kesho yake wanajeshi walikuwa wanashuka kwa ndege, kama 2,500 hivi kwa jumla. Aliyetangaza uamuzi huo alikuwa Nikol Pashinyan, waziri mkuu wa Armenia, juu zamu ya uenyekiti ilikuwa yake, na Armenia nayo ikapeleka vijana wake.

Septemba mwaka huo huo Azerbaijan ikapiga mizinga hadi Jermuk, na hapo si Karabakh, ni ndani ya Armenia yenyewe. Zaidi ya Waarmenia 200 wakafa. Pashinyan akaomba kifungu cha 4, akatumiwa wajumbe wa kuja kuangalia hali tu. Tayari 2021, Azerbaijan ilipovuka mpaka, katibu mkuu wa CSTO wa wakati huo alikuwa amesema hilo ni tukio la mpakani tu, na ukweli ni kwamba mpaka wenyewe wakati huo ulikuwa haujawekewa alama tangu Sovieti, kwa hivyo kisingizio kilikuwa tayari. Lakini pia Belarus ilikuwa imeuzia Azerbaijan silaha, Kazakhstan inafanya nayo biashara, na Urusi ilikuwa imezama Ukraine. Nani kati ya hao angeinua mkono? Na wiki hiyo hiyo Kyrgyzstan na Tajikistan, wote memba, walikuwa wanapigana mpakani, sasa hapo adui wa wote ni yupi?

Hii roho inaniuma kila nikiisomesha, manake wale wa Jermuk waliuawa wakiwa na mkataba mkononi. Novemba, kwa mkutano wa CSTO kule Yerevan, mji mkuu wa Armenia, Pashinyan akakataa kutia sahihi tamko la pamoja mbele ya wageni wake wote, na Februari 2024 akatangaza kwamba Armenia imesimamisha kushiriki kwa CSTO.

Sisi hapa Nyalenda tumekubaliana neno "mzazi" liandikwe upya, wengine bado wanabishana kwa grupu ya WhatsApp. Mazishi ni Ijumaa huko Ugenya na mimi nimeshatuma elfu yangu kwa trizara.