Jiko la mafuta mengi ni nini, na la kwenda nalo Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, kusini mwa Tanzania, ni lipi?

Jiko la mafuta mengi ni jiko dogo la safari linaloweza kuwaka kwa zaidi ya aina moja ya mafuta: petroli, mafuta ya taa, na mengine hata dizeli au gesi ya kikopo. Wapo wanaoliita jiko la mafuta mchanganyiko, na jina hilo linapotosha. Mafuta hayachanganywi. Unatia aina moja, unaitumia mpaka iishe, ndipo unatia nyingine, tena mara nyingi baada ya kubadilisha nozeli, yaani kile kipande chenye tundu dogo la kutolea mafuta.

Aliyewahi kuwasha karabai tayari anajua nusu ya somo. Karabai hupigwa pampu, hupashwa moto kwa spiriti, na mafuta ya taa hugeuka mvuke kabla hayajawaka. Jiko hili ni la ukoo huohuo. Frans Wilhelm Lindqvist wa Sweden alibuni jiko la Primus mwaka 1892, na kanuni ni ileile hadi leo. Jiko la mchina ni jambo jingine kabisa: lile hunyonya mafuta kwa tambi, halina presha, na ukilitia petroli unaweza kuunguza nyumba.

Sehemu zake ni chache. Kuna chupa ya mafuta ya alumini. Kuna pampu inayofungwa kwenye mdomo wa chupa, yenye koki ya kufungulia mafuta. Kutoka hapo mpira mwembamba wenye kinga ya waya hupeleka mafuta kwenye bomba la metali linalopita juu au pembeni ya moto. Humo ndimo mafuta yanapochemka na kuwa mvuke. Mvuke hutokea kwenye tundu la nozeli, huchanganyika na hewa, na kutoa mwali wa bluu wenye mngurumo. Jiko likishashika moto hujipasha lenyewe. Kazi yote iko mwanzoni, kwenye kuliwasha.

Neno "mengi" limesimama juu ya nozeli. Petroli huwa mvuke upesi, hivyo tundu lake ni kubwa kidogo. Mafuta ya taa na dizeli ni mazito, yanataka tundu dogo ili yatoke kwa kasi na kuvuta hewa ya kutosha. Kwenye Primus OmniFuel, kwa mfano, nozeli ya gesi ni 0.45, ya petroli 0.37, ya mafuta ya taa na dizeli 0.28. Namba hizo ni milimita, na jicho peke yake haliwezi kuzitofautisha, kwa hiyo soma alama iliyochongwa kwenye nozeli yenyewe. Ukiwasha mafuta ya taa kwa nozeli ya petroli utapata mwali wa njano na sufuria iliyojaa masizi. Ukifanya kinyume chake, moto unakuwa dhaifu na chai haichemki. Yapo majiko yanayotumia nozeli moja kwa mafuta yote. Ni rahisi kuyatumia, ila kwa kawaida hayawi bora kwa aina yoyote.

Sasa kuchagua. Watu huanza na uzito au bei. Swali la kwanza liwe hili: kijiji cha mwisho kabla ya kuanza kupanda kinauza nini? Vikopo vya gesi vya kufungwa kwa kuzungusha ni vya kuagiza mbali, hutavikuta Matamba wala Isyonje, vijiji vya kuingilia Kitulo. Mtungi wa kilo sita upo, lakini nani ataubeba mgongoni? Mafuta ya taa yalikuwa ndiyo jibu la kila duka, ila tangu kodi yake ilipopandishwa mwaka 2011 kuzuia uchakachuaji wa dizeli, unafuu wake umeondoka na si kila kituo kinayaweka. Bodaboda nazo zimeleta petroli mpaka milimani, inauzwa kwenye chupa za maji kando ya barabara. Kwa Nyanda za Juu Kusini, basi, jiko lisilokubali petroli ya kawaida si la kununua, hata likiwa zuri namna gani. Mafuta ya taa yawe ya pili. Dizeli iwe ya dharura: ina moshi, ina harufu, na inaziba nozeli haraka.

Petroli ya chupa ichujwe kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara mbili. Chembe moja ya kutu inatosha kuziba tundu la 0.37.

Kuwasha. Jaza chupa hadi alama ya mtengenezaji, si zaidi, maana hewa inahitaji nafasi ya kubanwa. Piga pampu mara 15 hadi 20. Fungua koki sekunde moja au mbili, mafuta kama kijiko cha chai yadondokee kwenye kikombe cha kupashia kilicho chini ya kichwa cha moto, kisha funga. Washa. Mwali utapanda wa njano, wa kutisha kidogo, kwa hiyo uso na mikono viwe mbali. Subiri. Unapokaribia kuzimika, ukibaki ulimi mdogo unaocheza pembeni, fungua koki polepole. Ukisikia mngurumo na kuona bluu, umefaulu. Ukiona jiko linatema mafuta na mwali kuruka juu, umefungua mapema: funga, acha yaliyomwagika yaishe kuungua, anza upya. Mafuta ya taa hutaka kupashwa muda mrefu zaidi ya petroli, na ukipasha kwa spiriti hupati masizi.

Hitilafu nyingi huanzia kwenye pampu. Ikiwa mpini unaingia bila upinzani wowote, ngozi ya pampu imekauka, kama ya pampu ya baiskeli. Ichomoe, ipake mafuta, itanue kwa vidole, rudisha. Mafuta yakivuja shingoni mwa chupa, mpira wa duara unaoziba hapo umepasuka, na basi usiwashe kabisa mpaka ubadilishe. Moto ukififia wakati presha ipo, nozeli imeziba. Majiko mengine yana sindano ndani: zima, litikise juu na chini uisikie ikigonga, washa tena. Beba mpira wa duara wa akiba na spana yake ndogo. Ni vya uzito wa sarafu chache.

Uwanda wa Kitulo uko kwenye mita 2,600 hivi, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 91 au karibu na hapo. Maharage mabichi yatakula chupa nzima ya mafuta na bado yatakuwa magumu, hivyo yachemshe nyumbani. Ndani ya hifadhi hukusanyi kuni, na juu ya uwanda ni nyasi tupu, kwa hiyo jiko ulilobeba ndilo pekee la kupikia. Usiku wa Juni na Julai unaweza kuleta sakitu. Gesi ya kikopo hulegea kwenye baridi hiyo, wakati mafuta yanayopigwa pampu hayajali. Kwa watu wawili wanaopika mara mbili kwa siku na kunywa chai, weka robo lita kwa siku. Liweke jiko juu ya jiwe bapa au udongo ulio wazi, kwa sababu nyasi za kiangazi hushika moto mara moja. Na hata mvua ya Rungwe ikikufukuza, usipikie ndani ya hema lililofungwa: gesi ya kaboni monoksidi inaua bila harufu.

Dukani, jaribu mambo mawili. Kwanza, angalia kama kuna koki ya pili karibu na kichwa cha moto. Jiko lenye koki ya pampu pekee huchelewa kutii, na wali utaungua chini kabla hujashusha moto. Pili, weka juu yake sufuria utakayosafiri nayo, shika mwiko, ukandamize kama unayesonga ugali. Miguu mitatu myembamba iliyotengenezwa kwa kuchemshia maji ya supu ya pakiti haikufikiria ugali. Ikiyumba, tafuta pana zaidi, au ukubali kuwa mmoja atashika sufuria kwa koleo huku mwenzake akisonga.

Chupa ipandishwe basi ikiwa tupu na mafuta yanunuliwe mbele ya safari. Iandike ubavuni kwa rangi isiyofutika, kwa sababu chupa ya alumini ya petroli na ya maji ya kunywa gizani zinafanana.